Mwelekeo wa uzi: kazi ya faiba kwenye ndege ya kujitengenezea

Kwenye karakana za boti kule Mombasa, mtu akitaka kuipima kazi yako ya faiba, yaani nyuzi za kioo, atakuuliza umelaza matabaka mangapi. Manne? Sita? Chini umeongeza? Nimekulia kwenye maswali hayo. Mjomba wangu ni fundi wa faiba upande wa Likoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia mikeka ya nyuzi, nikikoroga resini, ile gundi inayozigandisha nyuzi, na kukwangua ndoo. Baadaye maisha yakanileta Columbus, Ohio, na huku nikaangukia kwa mzee mmoja mwenye ndege aliyoijenga mwenyewe gerejini kwake. Jioni na wikendi huwa hangani kwake namsaidia. Huyu mzee idadi ya matabaka haimshughulishi sana. Yeye huanza na jingine: uzi unaelekea wapi?

Wala huu si ubishi wa mafundi wa nchi mbili. Unatokana na vitu vyenyewe. Boti nyingi ndogo hujengwa kwa mkeka wa nyuzi fupi zilizokatwakatwa, zikamwagwa ovyo kila upande, zikashikishwa kwa gundi. Mkeka ule uugeuze utakavyo, nguvu yake ni ile ile, kwa hiyo kinachobaki kuulizwa ni unene. Kitambaa cha ndege kimefumwa. Kina mtande na mshindio, na nguvu yake iko kule uzi unakokwenda. Kwingine kote unategemea resini, na resini peke yake ni kitu cha kupasuka. Kazi yake ni kuzishika nyuzi zisipinde na kuupitisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi wa pili. Anayebeba ni uzi.

Kuna mazoea mengine ya boti ambayo ilibidi niyaache bandarini. Resini ya boti ni poliesta, na dawa yake ya kugandisha unaicheza kufuatana na hali ya hewa: jua la mchana likiwa kali unapunguza, asubuhi ya mvua unaongeza, na kazi inatoka. Epoksi ya ndege haichezewi hivyo. Hadena yake ni sehemu ya gundi yenyewe, inaungana na resini kwa uwiano uliowekwa, na ukizidisha ili iwahi kukauka unapata gundi laini isiyofika nguvu yake. Kwa hiyo kuna mizani ya gramu mezani, na kila kikombe kinapimwa. Mkeka wa boti nao haufai hapa, kwa sababu gundi inayoushikisha imetengenezwa iyeyushwe na stairini iliyomo kwenye poliesta. Epoksi haina stairini, basi mkeka unabaki mgumu na hauloi vizuri. Tena hiyo stairini, ukiimwaga juu ya povu la buluu linalojaza mabawa ya ndege hizi, povu linayeyuka huku unalitazama.

Jambo moja la afya, maana vijana wa karakana hulidharau. Poliesta inanuka, na harufu inakufukuza. Epoksi haina harufu ya kutisha, kwa hiyo mtu anaizoea kwa mikono mitupu, mpaka siku ngozi inapoikataa. Na ikishaikataa huwa ni moja kwa moja. Glavu kila mara. Na ukipiga msasa faiba iliyokauka, funga barakoa ya maana, si kitambaa cha leso.

Ndege yenyewe ni Long-EZ. Ilichorwa na Burt Rutan, Mmarekani wa California, na ya kwanza iliruka mwaka 1979. Ni yule yule aliyechora Voyager, ndege ambayo ndugu yake Dick Rutan pamoja na Jeana Yeager waliizungusha dunia nzima Desemba 1986 bila kutua wala kuongeza mafuta, siku tisa angani. Kampuni yake iliyokuwa Mojave iliuza michoro ya Long-EZ hadi 1985, na wajenzi wengine bado wanaendelea kuzijenga na kuzitengeneza kwa michoro hiyo ya zamani. Bawa dogo liko mbele, bawa kubwa nyuma, na injini na propela ziko mkiani zikisukuma. Uzuri wake kwa mtu wa gereji ni kwamba haihitaji kalibu. Boti unaijenga ndani ya kalibu. Hii unachukua bonge la povu, unalikata kwa waya wa moto kufuata umbo la bawa, kisha unalivika faiba na epoksi. Povu linabaki humo humo.

Michoro ya Rutan inatumia hasa vitambaa viwili, na majina yake ndiyo tunayoyatumia hangani. UNI ni kile ambacho karibu nyuzi zake zote zinakwenda upande mmoja. Zile chache zinazokatiza zipo kuzishika tu zisitawanyike. BID kina nyuzi sawasawa pande zote mbili, mtande na mshindio. Tabaka moja la BID likikauka lina unene wa kama milimita 0.33, la UNI 0.23. Vitambaa viwili tu, na karibu ndege nzima inatoka humo, kwa sababu kinachobadilika toka sehemu moja hadi nyingine ni mwelekeo.

Bawa likiwa angani linapinda kuelekea juu, uso wa juu unabanwa na wa chini unavutwa. Basi pale kwenye mhimili wa bawa nyuzi za upande mmoja zinalazwa kwa urefu, kutoka shina hadi ncha, tabaka juu ya tabaka. Lakini bawa pia hutaka kujisokota, na ule ukuta wa ndani unaounganisha uso wa juu na wa chini wa mhimili unasukumwa upande huku na upande kule. Mzigo wa namna hiyo husafiri kwa mshazari. Kwa hiyo ukutani uzi unalazwa digrii 45, mmoja ukienda kulia na mwingine kushoto. Hata miguu ya magurudumu, ambayo huja tayari ikiwa na nyuzi za urefu, mjenzi huivika UNI ya digrii 45 kwa sababu ukikanyaga breki mguu unataka kujisokota, na zile nyuzi za urefu haziwezi kuuzuia.

Haya mtu anaweza kuyasoma na asiyaamini. Ukutani kwa mzee, juu ya meza, kuna vipande vya mfano vimetundikwa kwa misumari, na kila anayekuja kujifunza hupewa viwili. Vyote vimekatwa kwenye BID ile ile, upana sawa, matabaka sawa, epoksi ya kikombe kimoja. Kimoja kimekatwa kufuata uzi, cha pili kimekatwa hanamu, yaani kwa mshazari wa uzi. Ukikibana cha kwanza kwenye jiriwa na kukisukuma kidole, hakitaki kupinda. Ukishika ncha yake na kukisokota, kinageuka kirahisi. Cha hanamu kinafanya kinyume chake: kinapinda bila ubishi, lakini kukisokota ni kazi. Ukivivuta mpaka vikatike, cha kwanza kinakatika ghafla kwa mlio mkali. Cha hanamu kinanyooka kwanza, kinakuwa cheupe, kinapungua upana katikati, nyuzi zikijifunga kama mkasi, ndipo kinaachia, na hapo nguvu iliyokivunja haikufika nusu ya ile ya mwenzake.

UNI ni kali zaidi. Ivute kufuata uzi, ina nguvu ya ajabu. Ivute kwa kukatiza, haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo nguvu, maana hapo unavuta resini tupu. Na haisubiri digrii 90. Uzi ukipotoka digrii kumi tu kutoka mstari wa mzigo, takriban nusu ya nguvu imeshapotea. Digrii kumi ni nini? Ni kukilaza kitambaa kwa jicho bila kuchora mstari, au ni msaidizi kuvuta kona moja wakati wewe unageuka kuchukua brashi.

Siku moja nikamweleza mjomba haya kwa simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watu wote, alikuwa na lake: boti ya mvuvi mmoja iliyobadilishiwa injini ya nyuma ikawekwa kubwa zaidi, na sasa kona za nyuma, pale ubao wa injini unapokutana na mbavu za boti, zinapasuka. Ameongeza matabaka, ufa umerudi. Nikamuuliza ametumia nini.

“Mkeka, halafu kile cha kufumwa kizito juu.”

“Hicho cha kufumwa umekilaza vipi, mjomba?”

“Vipi tena? Nimekilaza kikalala.”

Kimelala wima na mlalo, bila shaka, kwa sababu hivyo ndivyo kinavyotoka kwenye bunda. Ufa wa kona unakwenda wima, kufuata kona. Nusu ya nyuzi za kitambaa kile zilikuwa zinakwenda wima pamoja na ufa, zinausindikiza. Nikamwambia akikate hanamu, utepe wa digrii 45, ili kila uzi uivuke kona, na pia zisaidie pale injini inapoisokota nyuma ya boti. Hakubisha kuhusu nguvu. Alibisha kuhusu hasara: ukikata hanamu, bunda linakuachia pembetatu kila mwisho, na kitambaa kile kinanunuliwa kwa kilo. Ana haki, pembetatu ni hasara kweli, na hangani tuna sanduku zima la pembetatu tunazozitumia kwenye vipande vidogo. Akauliza pia kama aache mkeka wa chini. Nikasema asiuache, maana kwenye poliesta ule mkeka ndio unaokamatisha kitambaa kizito na kile kilicho chini yake. Hilo lilimfurahisha kuliko yote niliyomwambia.

Kazi iliyonifundisha zaidi ni boneti. Mzee alikuwa na tatizo dogo la kuudhi: injini yake, Lycoming O-235, imekaa juu ya raba, na inapozimwa hujitikisa mara moja kwa nguvu kabla ya kutulia. Katika kujitikisa huko vifuniko vya valvu vilikuwa vinaigusa boneti. Ndani ya boneti kulikuwa na alama inayong'aa kila upande, faiba imesuguliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Dawa yake ni kuipa boneti nundu, moja kila upande, ipate nafasi.

Kwenye ndege ya kawaida boneti ni kifuniko tu. Kikimeguka kipande, unatua, unatukana, unatengeneza. Kwenye Long-EZ propela iko nyuma. Chochote kinachoachia kwenye boneti, skrubu, kipande cha faiba, hata ganda la rangi, kinapita katikati ya propela. Kwa hiyo tuliichukulia boneti kwa uzito ule ule wa sehemu zinazobeba ndege. Kwa wanaojiuliza kama naruhusiwa: sheria ya Marekani inamruhusu mtu yeyote kufanya kazi kwenye ndege ya kundi hili la wajenzi wa nyumbani. Ukaguzi wa kila mwaka ndio unaotaka mwenye cheti, na mzee anacho cha ndege hii kwa kuwa ndiye aliyeijenga.

Kabla ya msumeno, mstari. Tukachora juu ya boneti mstari mrefu sambamba na kiwiliwili cha ndege, na kila pembe baadaye ikapimwa kutoka hapo. Kujua nundu iwe na kimo gani, mzee alibandika udongo wa kuchezea wa watoto juu ya kifuniko cha valvu, akafunga boneti, akaifungua, akapima udongo umebaki unene gani. Njia rahisi, na haidanganyi.

Vile viduara tulivyovikata kwenye boneti kupisha nundu hatukuvitupa. Ukitaka kuongeza faiba juu ya faiba ya mwenzako ni lazima ujue yeye aliiweka vipi, na boneti hii mzee aliinunua kwa mtu, hakuilaza mwenyewe. Kwa hiyo tulitoka na kiduara kimoja hadi uani, tukakiweka juu ya tofali na kukipiga moto wa gesi, sisi tukiwa upande unaotoka upepo. Resini inawaka kwa moshi mweusi mzito unaochoma koo. Ikishaisha, kioo kinabaki, kwa sababu kioo hakiungui kwa moto ule. Kikipoa unakuwa na rundo dogo jeupe la vitambaa, laini, linalovunjika ukilipulizia. Tukaliingiza ndani kama yai, tukachukua kibanio cha nyusi na kuanza kufunua tabaka moja moja. La juu lilikuwa kitambaa chembamba cha kulainisha uso. Chini yake BID mbili, zote hanamu. Na kwenye kipande tulichokata karibu na ukingo, tukakuta utepe wa UNI ukienda kwa urefu kufuata ukingo. Nilikitazama kile kipande muda mrefu. Mtu ambaye hatukuwahi kukutana naye alikuwa ametuachia maelezo yake yote humo ndani.

Usipoweza kukata kipande, kuna njia ya pili: piga msasa kwa mteremko mrefu, taratibu, na matabaka yatajitokeza moja baada ya jingine kama pete, kila moja ukiiona nyuzi zake zinaelekea wapi. Mteremko huo unauhitaji hata hivyo. Sisi tunafuata kipimo cha milimita 25 kwa kila tabaka jipya, kwa hiyo matabaka matatu yanataka milimita 75 za kushikana kuzunguka tundu. Na eneo lote lazima lipoteze mng'ao. Pakibaki hata doa linalong'aa, hapo epoksi mpya haijashika kitu.

Umbo la nundu tulilichonga kwenye povu la yurethani. Povu hilo linachongwa kwa kisu na msasa tu. Waya wa moto haukaribii, kwa sababu likiungua linatoa gesi yenye sumu, sianidi ikiwemo. Likishapata umbo linapakwa uji wa epoksi na unga wa vijipovu vya kioo ili vitundu vijae, la sivyo povu linainywa epoksi ya kitambaa na kukiacha kikavu.

Hapa ndipo mwelekeo unapokuwa na faida mbili kwa mpigo. Nundu ina mviringo wa pande zote. Ukiilaza BID kufuata uzi, inakaa vizuri kileleni, halafu kwenye kona nne inakunja mikunjo, na kila mkunjo ni mahali uzi umepinda na resini imejaa. Ukiilaza hanamu, inateremka yenyewe na kushika umbo. Mama yeyote aliyewahi kumshonea binti gauni la kumwagika analijua hili, kwa sababu fundi cherehani hukata sketi hanamu kwa sababu hiyo hiyo. Na boneti kwa kazi yake inataka hanamu, maana inasokotwa na upepo na mtikisiko wa injini kuliko inavyovutwa. Basi umbo na mzigo vinaomba kitu kimoja. Si kila sehemu ya ndege ina bahati hiyo.

Hatari ya hanamu ni kwamba kitambaa kinanyooka ukikigusa. Ukikivuta upande, nyuzi zilizokuwa zinakutana kwa pembe mraba zinajifunga, na ulichokikata kwa digrii 45 kinalala kwa 30 bila wewe kujua. Kwa sababu hiyo hatukibebi kikavu. Tunatandika karatasi ya nailoni mezani, tunachora juu yake umbo la kipande na mshale wa mwelekeo, tunaigeuza, tunalaza kitambaa, tunamwaga epoksi yenye uzito sawa na wa kitambaa, tunafunika kwa nailoni ya pili na kuisambaza kwa kipanguzi cha plastiki mpaka weupe wote umekwisha. Ziada inasukumwa nje. Kisha tunakata kwa kisu cha gurudumu kufuata mchoro, nailoni na kitambaa pamoja. Kipande kinabebwa kikiwa katikati ya nailoni zake na hakiwezi kunyooka. Unabandua ya chini, unakiweka mahali pake mshale ukiwa sambamba na ule mstari mrefu, unakibonyeza kuanzia kileleni kushuka pande zote, na mwishoni kabisa unabandua ya juu. Ukiibandua, ivute ikiwa imelala karibu na uso. Ukiivuta kuelekea juu inaondoka na tabaka.

Saa chache baadaye epoksi inakuwa imeshika lakini bado inakatika kwa wembe, na huo ndio wakati wa kusawazisha kingo. Ukichelewa unaamkia msumeno na vumbi. Siku iliyofuata tuliligeuza boneti, tukachimba povu kutoka ndani, tukalaza tabaka la ndani, nalo hanamu, likikamata faiba ya zamani kuzunguka tundu. Hivyo ya zamani ikabaki katikati, mpya ikiwa nje na ndani.

Hiyo ya ndani na nje si kwa nguvu peke yake. Kwenye hanga ya jirani kuna mtu aliyetengeneza kifuniko bapa cha tundu la ukaguzi kwa matabaka mawili ya UNI, la chini kwa urefu na la juu kwa kukatiza. Kwa hesabu ya nguvu hakuna kosa, pande zote mbili zina uzi. Kikatoka kimenyooka. Akakipaka rangi, akakiacha juani, na jioni kingo mbili zinazotazamana zilikuwa zimeinuka na nyingine mbili zimeshuka. Tabaka la UNI hutanuka kwa joto kidogo sana kufuata uzi na zaidi kwa kukatiza. Kila moja lilimvuta mwenzake upande wake, na hakukuwa na la tatu la kulisawazisha. Ukihesabu kutoka katikati ya unene kwenda juu na kutoka katikati kwenda chini, mwelekeo unatakiwa ulingane. BID moja ya hanamu nje, BID moja ya hanamu ndani, na kifuniko kinakaa. Joto ndilo pia linalofanya ndege hizi karibu zote ziwe nyeupe: epoksi ya kukaukia gerejini inaanza kulegea kwenye joto ambalo bati lisingelijali, na rangi nyeusi chini ya jua inaweza kuifikisha huko.

Ukingoni mwa skrubu sheria inabadilika tena. Pale kuna ule utepe wa UNI wa urefu, unaoufanya ukingo usiyumbe kati ya skrubu na skrubu. Lakini tundu la skrubu ndani ya UNI tupu ni msiba: skrubu inavutwa, nyuzi zinaachana, na tundu linakuwa mfereji mpaka nje. Lazima pawe na hanamu juu na chini yake kuzikamata zile nyuzi. Kwa hiyo pale ukingoni kuna mielekeo mitatu, na ndiyo sehemu pekee ya boneti ambapo mzee alikubali kuongeza unene bila mjadala.

Kuna ambavyo haviguswi. Watu wakishapata mkono wa faiba hutaka kutengeneza upya kila kitu, na mzee amewahi kumkatalia mtu aliyetaka kujaza na kuchonga upya ukingo wa mbele wa bawa dogo ili “liwe zuri”. Bawa dogo la Long-EZ ndilo linaloishika pua. La mwanzo lilikuwa na umbo ambalo kwenye mvua lilipoteza sehemu ya nguvu yake ya kuinua, maji tu yaliyotulia juu yake yalitosha, na ndipo John Roncz, mtaalamu wa maumbo ya mabawa, akachora umbo jipya lisilojali mvua. Kama matone yanaweza, msasa wako je? Kuhama kutoka kwenye michoro kuna bei hata pasipohusika faiba: Long-EZ iliyomuua mwanamuziki John Denver mwaka 1997 ilikuwa na vali ya kuchagulia tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, wakati michoro inaiweka mbele yake. Mhimili wa bawa nao hatuugusi kwa msasa hata kidogo. Nyuzi zile ni za urefu, zimenyooshwa kwa kuvutwa kutoka shina hadi ncha, na ukila tabaka moja katikati hakuna kiraka cha digrii yoyote kitakachorudisha uzi usiokatika.

Sasa hivi mezani kuna mdomo wa hewa wa boneti ya chini, ambao mzee anataka uwe mpana zaidi. Una kona kali kuliko nundu, na hanamu peke yake haitaki kuizunguka bila kukatwa mapengo. Nimependekeza tepe nyembamba za BID zinazopishana badala ya kipande kimoja, yeye anataka kona ichongwe iwe ya mviringo zaidi ili kipande kimoja kitoshe. Mimi naona mdomo utakuwa mnene na utapunguza hewa. Wikendi hii tutachonga povu mbili, kila mtu yake, tulaze BID kavu juu ya kila moja na kuangalia ipi inakubali.